Mapigo ya Asubuhi

Eveleth, Minnesota
14 Januari 1979

Dada Aili,

Salamu zako na za shemeji Walt. Mimi mzima, ila masikio yananiuma kwa baridi. Leo ni nyuzi thelathini chini ya sifuri, gari limegoma kuwaka, na jirani yangu Bi Saari ameniletea mkate wa iliki huku akininung'unikia kwamba nimekonda kama ufito wa uzio. Nimemwambia ndiyo nia yenyewe. Mama nilikwenda kumwona Jumapili kule nyumba ya wazee. Alinijua safari hii. Akasema, "Reino, mbona umevaa soksi kichwani?" Kumbe anaisema kofia yangu ya kukimbilia.

Sasa sikia. Tarehe sita Oktoba kuna marathoni Tamarack Bay, maili ishirini na sita na ushee, kando ya ziwa mwanzo hadi mwisho. Fomu nimechukua mbili, yako na yangu. Usicheke. Najua miaka miwili iliyopita nilikuwa sitoki baa kufika nyumbani bila kushika kuta. Tangu mke wangu Lempi afariki mpaka siku uliponitumia zile raba ndani ya boksi, na kile kikaratasi chako, "Kimbia mpaka nguzo ya pili ya umeme, kisha urudi," sikuwa mtu mimi. Huu ni mwezi wa kumi na tisa sijagusa chupa. Ile simu niliyoing'oa ukutani siirudishi ng'o. Sitaki tena kukupigia nimelewa, nalia na kukutukana. Barua inanitosha. Barua haiandikiki mtu akiwa amelewa, nilishajaribu.

Wiki hii nimekimbia maili kumi na nane. Nimeanza na kupima mapigo, kama linavyosema lile jarida la wakimbiaji: asubuhi, kabla hujainuka kitandani, vidole viwili shingoni, macho kwenye saa. Wanasema moyo wa mkimbiaji ukipata nguvu unapiga polepole, maana pigo moja linafanya kazi ya mawili. Basi tuziage barua zetu kwa mapigo. Yale ya "ndugu yako akupendaye" tuwaachie wasiokimbia.

Mapigo: 58.
Reino


Astoria, Oregon
2 Februari 1979

Mdogo wangu Reino,

Barua yako imenifikia imelowa, kama kila kitu hapa. Tumeona jua mara mbili tangu Krismasi. Walt anakusalimu, anasema mtu anayekimbia maili ishirini na sita bila kufukuzwa na polisi apelekwe kupimwa akili. Mpuuze. Mguu wake wenyewe unafika kwenye kiti cha televisheni tu.

Tamarack Bay nakuja. Nitapanda basi siku mbili, mgongo utanikoma, lakini nakuja. Nina miaka hamsini na mbili, na wanawake wa kiwandani wanaopanga samaki kwenye makopo wananiita Bibi Kaptura. Wakinitazama dirishani nikipita wanapiga makopo kwa visu kunishangilia, au kunikebehi, sijui. Jana nilikwenda maili nane kando ya mto, mvua usoni, nikarudi najihisi msichana.

Ila ile kanuni yangu naikumbusha. Mwaka jana nilikuandikia kwamba nyumba ya mama imeuzwa, nawe ukaisoma barua asubuhi ya zile mbio za maili kumi, ukafika maili ya nne ukakaa ukingoni mwa barabara unalia mbele za watu. Sijajisamehe mpaka leo. Kwa hiyo wiki ya mbio barua haifunguliwi. Ikija, itie mfukoni, utaisoma ukimaliza. Hata ikiandikwa "haraka" kwa wino mwekundu. Hata ikitoka kwa rais. Mkimbiaji wiki ile hahitaji habari, anahitaji usingizi na viazi. Niapie kwa maandishi, maana mdomo wako naujua.

Mapigo: 54. Umeona? Mkubwa ni mkubwa.
Aili


Eveleth
25 Machi 1979

Dada Aili,

Naapa. Mimi Reino Kangas, mwenye akili timamu, sitafungua barua yoyote wiki ya mbio hadi nimalize, na nikikiuka, Walt aje anipikie mwaka mzima. Umeridhika?

Huku kwema. Theluji imeanza kuwa matope. Bi Saari kaanguka barazani kwake lakini hakuumia, kaumia mkate. Kazini wameshanizoea. Ijumaa nimetoka mgodini nikaanza kukimbia kuelekea nyumbani, lori la mwenzangu Ahlstrom likapunguza mwendo pembeni yangu, akateremsha kioo.

"Reino! Nani anakufukuza?"

"Mkeo. Anataka nimrudishie soksi zako."

Alicheka mpaka lori likayumba. Mwaka juzi mtu huyo huyo alinibeba begani kutoka baa kama gunia. Leo ananipigia honi ya heshima.

Wiki hii maili ishirini na nane. Nikuambie kitu ambacho sitaki ukijibu. Asubuhi zingine naamka na ile kiu. Iko palepale, haijahama. Nalala nikitazama dari, nawaza, Aili saa hizi ameshavaa raba, yuko kwenye mvua yake, nami nitashindwaje na bibi wa miaka hamsini na mbili? Ndipo nainuka. Hiyo ndiyo dawa yangu yote, sina nyingine. Siku utakayoacha wewe, nami naacha, na nikiacha unajua nitakapokwenda. Basi usiache.

Mapigo: 51. Nakufuata nyuma nyuma.
Reino


Astoria
29 Aprili 1979

Mdogo wangu Reino,

Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa tuko salama. Kazi zimezidi kidogo, na siku hizi Walt ndiye anayepika, kwa hiyo tunakula mayai asubuhi, mchana na jioni. Mvua bado.

Maili thelathini wiki hii. Miguu mizito lakini inakwenda. Sina mengi leo. Endelea hivyo hivyo, usitazame nyuma.

Mapigo: 48.
Aili


Astoria
20 Mei 1979

(Barua hii haikutumwa. Ilibaki kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko.)

Reino,

Naandika mguu nimeuweka juu ya kiti. Una plasta ngumu kutoka kidoleni hadi gotini. Tarehe kumi na nne Aprili niliteleza kwenye mbao za gati, karibu na kiwanda, nikasikia mlio kama mtu anavunja kijiti. Mfupa wa mundi. Daktari kasema sitakimbia mwaka huu, na pengine sitakimbia tena kabisa, maana mifupa yangu imekuwa kama biskuti. Wanawake wa kiwandani ndio walionibeba. Hakuna aliyepiga kopo.

Sijakimbia hatua moja tangu siku hiyo. Zile maili thelathini nilizokuandikia nilizikimbia na kalamu. Na yale mapigo arobaini na nane niliyatunga hapa mezani. Nilichukua hamsini na moja yako, nikapunguza matatu. Asubuhi hii nimejipima kweli, ni sabini na sita.

Walt ananiambia niseme. Anasema, "Unamwandikia ndugu yako hadithi, mama." Namjibu yeye hakuisoma ile barua ya Machi. Mimi nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Siku utakayoacha wewe nami naacha. Sasa nikuambie nini Reino, nikuambie mimi nimeshaacha, kwamba kila asubuhi unapolala unatazama dari ukiniona kwenye mvua, niko hapa jikoni nimekaa na


Astoria
20 Mei 1979

Mdogo wangu Reino,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote wawili. Jua limetoka siku tatu mfululizo, watu wamechanganyikiwa. Mwambie mama nitampigia simu Jumapili, wamsogeze karibu na simu.

Maili thelathini na nne! Jumamosi nilikwenda kumi na tano bila kusimama, nikapanda mlima wa nyuma ya mji na kushuka naimba. Umri huu! Fanya hima, maana ukilegea nitakuacha Tamarack Bay unakula vumbi langu.

Mapigo: 46.
Aili


Eveleth
8 Julai 1979

Dada Aili,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Arobaini na mbili! Nimehesabu dakika nzima, nikarudia, nikamwita Bi Saari ahesabu yeye na saa ya marehemu mumewe. Arobaini na mbili. Nimekupita, Bibi Kaptura! Miezi sita nakula vumbi lako, leo lile wewe.

Huku hatujambo. Mama anakula vizuri, kaniuliza tena habari za Lempi, nikamwambia yuko nyumbani anapika. Mbu mwaka huu wana ukubwa wa kuku. Jumapili nilikimbia maili kumi na sita kupita mashimo ya zamani ya mgodi, nikaogelea humo, maji baridi kama chuma. Kisha nikaingia sauna.

Vidogo vidogo vipo. Jumanne niliinama kufunga kamba za raba, mara nikajikuta nimekaa kwenye changarawe na sijui nimefikaje chini. Joto tu hilo. Na kazini nikipanda ngazi za kreni macho yanaingia kiza kidogo, kisha yanarudi. Bi Saari anasema midomo yangu imekuwa ya samawati. Nimemwambia amezoea ya mumewe, ilikuwa myekundu kwa mvinyo. Kwenye lile jarida daktari mmoja ameandika kwamba mtu anayeweza kukimbia marathoni hafi kwa moyo, haijatokea. Nimeukata huo ukurasa nimeubandika juu ya kitanda.

Wewe ukipata kizunguzungu hufanya nini? Wewe ndiye mwalimu.

Mapigo: 42!!!
Reino


Astoria
25 Julai 1979

Mdogo wangu Reino,

Hongera, lakini usijivune mapema. Jana asubuhi nimepata 41. Umeona sasa? Nilikuwa nakungoja tu ufike nikuache tena.

Hicho kizunguzungu ni chumvi inayotoka na jasho. Nami hunipata. Kula samaki wa chumvi, kunywa maji, usiiname ghafla. Mwili unajifunza kazi mpya, una haki ya kulalamika kidogo. Bi Saari mpe salamu, mwambie aangalie midomo yake mwenyewe.

Walt hajambo. Tumetengeneza ngazi ya mlango wa mbele, imewekwa kishikio. Mimi pia sijambo. Tumebakiza wiki kumi. Huu si wakati wa kulegea.

Mapigo: 41.
Aili


Eveleth
9 Septemba 1979

Dada Aili,

Natumaini barua hii inakukuta salama na shemeji. Majani ya miti yameanza kuwa mekundu. Mama alilala usingizi muda wote nilipokwenda, nikamshika mkono tu.

Leo nakuandikia bila mzaha, nawe unijibu bila mzaha. Alhamisi nilianguka kazini. Si kizunguzungu safari hii, nilianguka kabisa, na nilipofumbua macho Ahlstrom alikuwa juu yangu ananipiga makofi mashavuni na machozi yanamtoka, mwanamume mzima yule. Wakanipeleka kliniki. Wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikachora mistari yake. Mapigo thelathini na saba. Nikamwambia daktari kwa furaha, "Umeona? Mimi ni mkimbiaji." Hakucheka. Akasema huu wangu sio upole wa moyo wenye nguvu. Anasema moyo una umeme wake, na wangu umeme hautoki juu kufika chini, mapigo mengine yanapotea njiani. Anataka niende Duluth tarehe mbili Oktoba, nikapasuliwe na kupandikizwa kifaa kifuani cha kuusukuma. Na nisikimbie hata kufuata basi.

Nikamwambia, ngoja bwana daktari. Nina dada yangu wa damu, baba mmoja mama mmoja, ana miaka hamsini na mbili, mapigo yake arobaini na moja, na anakimbia maili thelathini na zaidi kwa wiki. Naye ni mgonjwa? Akaitazama tena ile karatasi ya mashine. Akasema, "Kama ni kweli, basi pengine ni maumbile ya ukoo wenu. Lakini mistari hii siipendi. Nenda Duluth."

Kwa hiyo niko hapa katikati. Nikienda Duluth, mbio basi, na baada ya hapo sijui nitaamkia nini asubuhi. Naogopa, Aili. Kifaa sikiogopi, naiogopa ile dari. Lakini daktari naye si mjinga, nilimwona macho yake.

Basi nimeamua nikuulize wewe, maana wewe ndiye unayeujua mwili huu kutoka ndani, una moyo kama wangu. Niende au nikimbie? Ukisema niende, nakwenda, sitanung'unika. Wewe ndiye uliyenitoa shimoni kwa raba na kikaratasi. Nijibu upesi, kabla ya ile wiki yetu.

Mapigo: 37.
Reino


Astoria
27 Septemba 1979

Reino, mdogo wangu,

Leo sina salamu wala habari za mvua. Nenda Duluth. Nenda leo, usingoje tarehe yoyote. Mwambie Ahlstrom akupeleke.

Mimi sina moyo kama wako. Sijakimbia tangu tarehe kumi na nne Aprili. Nilivunjika mundi kwenye gati, nilivaa plasta miezi mitatu, sasa natembea na fimbo na kile kishikio cha ngazi amekitengeneza Walt kwa ajili yangu. Maili zote tangu hapo ni uongo. Mapigo yote ni uongo. 48, 46, 41, nilikuwa nayatunga hapa mezani nikitazama barua yako na kupunguza kidogo, ili uwe na mtu wa kumfukuza. Nilipokuandikia kuhusu chumvi nilikuwa naandika nisichokijua. Mapigo yangu ya kweli ni sabini na sita, themanini siku mbaya, kama ya bibi yeyote anayekaa kitako. Mwambie daktari hivyo. Mwambie hakuna maumbile ya ukoo. Mwambie dada yako ni mwongo.

Niliogopa, Reino. Uliniandikia kwamba nikiacha nawe unaacha, nikaona chupa ile mezani kwako, nikachukua kalamu. Kila mwezi nilisema mwezi ujao nitamwambia. Barua yako imenifikia tarehe kumi na tatu. Leo ni ishirini na saba. Nimeandika kumi kabla ya hii na kuzichana zote. Walt amenipigia kelele jambo ambalo hajawahi kulifanya miaka ishirini na tisa. Alisema, "Huyo ni mtu, Aili, si barua!"

Nichukie. Nitukane kwa barua ya kurasa tisa, nitaisoma yote. Kunywa ukitaka, nitakuja kukaa nawe mpaka uache tena, nitakuja na fimbo yangu. Lakini usikimbie. Nakusihi usikimbie.

Aili


Tamarack Bay
5 Oktoba 1979

Dada Aili,

Salamu kutoka hotelini, chumba namba sita, kitanda kinalia kama mbuzi. Nimeona nikuandikie ingawa huenda kesho asubuhi tukaonana, ndipo barua hii itakukuta nyumbani ukirudi na medali, ucheke.

Nimesubiri mabasi mawili leo. Wamama wazee wameshuka wengi, lakini hakuna mwenye kaptura. La mwisho linafika alfajiri, nadhani uko humo, umelala na mdomo wazi. Namba yako nimekuchukulia kabisa. Mimi 211, wewe 212. Kijana wa mezani aliniuliza huyu wa 212 ni mkeo? Nikamwambia, huyo? Huyo ni kocha.

Duluth sikwenda. Nimewaambia wanipangie wiki ijayo, baada ya mbio, nao wamekubali kwa manung'uniko. Nilingoja jibu lako, nilikuwa namtazama mtu wa posta kama mchumba. Halikuja wiki ya kwanza, halikuja ya pili. Mwanzo nilikasirika. Kisha nikakaa nikafikiri: namba ya simu ya Bi Saari anayo, niliiandika mwenyewe kwenye kadi ya Krismasi. Aili angeona kuna hatari, angepiga simu siku hiyo hiyo, angemtoa Bi Saari bafuni na taulo. Hakupiga. Basi anaona ni woga wangu tu, na ameninyamazia nikomae. Nikalala vizuri siku hiyo.

Halafu juzi Jumatano barua yako ikafika! Nene, kurasa nyingi, umeandika "HARAKA" juu kwa wino mwekundu. Nilicheka peke yangu barazani. Wino mwekundu kweli, Aili? Unanitega? Nakujua wewe. Unataka uone kama kiapo changu kina maana, ili Walt asije akapoteza mwaka wake jikoni kwangu. Sijaifungua. Kanuni ni kanuni. Niliiweka mezani, ikawa inanitazama nikila viazi vyangu. Sasa iko ndani ya mfuko wa nguo za kubadilisha, na juu ya bahasha nimeandika kwa penseli: Nitaisoma nikimaliza. Nitakaa kwenye nyasi na chungwa, raba nimevua, wewe pembeni yangu, nikusomee kwa sauti ya kuhubiri mpaka uone haya.

Ziwa limetulia. Miguu inawasha. Miaka miwili na miezi mitatu, Aili, bila tone hata moja. Sijui kama nimewahi kukuambia asante sawasawa, kwa hiyo naiandika hapa, ukiisoma usijibu. Asante.

Mapigo: 34. Lile nalo!
Reino


Astoria
21 Oktoba 1979

Mdogo wangu Reino,

Mama hajambo. Nilikwenda kumwona mwenyewe. Nilimwambia. Akaniuliza, "Amekimbilia wapi?"

Barua yako ya Tamarack Bay ilifika Jumanne, nami sikuwepo, nilikuwa Eveleth nakuzika. Nimeikuta jana. Walt aliiweka juu ya friji, hakuthubutu kunipa mkononi.

Walisema ulifika maili ya kumi na tisa. Walisema ulikuwa unawatania watu wa maji, ukamwambia mmoja akumwagie kichwani maana kocha wako ana macho makali. Kisha ukainama, kama mtu anayefunga kamba. Ahlstrom ndiye aliyekutambua. Alikuwa amekuja na lori kukupigia honi mwishoni. Alilibeba jeneza upande wa kulia na hakukubali kupokewa.

Mfuko wako walinipa mimi. Ndani kulikuwa na suruali, soksi, chungwa moja, namba 212, na bahasha yangu. Imefungwa. Nimeona maneno yako ya penseli. Bi Saari aliuliza kama niifungue, nikamwambia hapana, hujamaliza. Niliiweka kwenye jeneza, chini ya mkono wako, ikiwa imefungwa vilevile.

Umeandika kwamba kama kungekuwa na hatari ningepiga simu. Namba ya Bi Saari iko ukutani, Reino, juu ya simu, kwa mwandiko wako. Nimekaa chini yake siku kumi na nne. Siku zile zote nilizoandika na kuchana, ilikuwa juu ya kichwa changu. Walt aliniwekea mkono wa simu sikioni mara moja, nikaurudisha. Niliweza kuuandika uongo wangu, kuutamka kwa mdomo wangu nikaona haya. Nilijiambia barua itafika kwa wakati, na ilifika. Kanuni niliitunga mimi.

Siku hizi naamka mapema. Nalala natazama dari, nawe sikuoni popote. Kisha naweka vidole viwili shingoni, naitazama saa dakika nzima, kama ulivyonifundisha.

Mapigo: 84. Nimehesabu mara tatu. Haya ni ya kweli.
Aili